Maji Yenye Stima Kiambere

"Boti ni matatu iliyokosa magurudumu, basi," Njuki alisema, akipangusa mikono kwenye suruali. "Betri ni ile ile, waya ni zile zile, spika ni zile zile. Mzee, vile nimeifunga hii, hata ukilala usingizi itakurudisha nyumbani yenyewe."

Mzee Muthamia alimwamini. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisi huko Meru, na badala ya kununua ng'ombe wa maziwa kama wenzake, akanunua boti ya mtumba kutoka Pwani. Ilikuwa nyeupe, ya faiba, na injini moja nyuma na friji ndogo chini ya kiti. Ilikaa miezi kadhaa kati ya migomba nyumbani kwake Nkubu, kisha ikapakiwa kwenye lori ipelekwe bwawa la Kiambere, ikodishwe na maharusi na watu wa picha. Ilipopita Ishiara siku ya soko, watu waliacha kupima ndengu wakabishana hilo ni bafu la tajiri gani.

Njuki alikuwa fundi wa stima za magari katika mtaa wa Dallas, mjini Embu. Kijana mtanashati, tuseme hivyo, na kidato cha nne alikimaliza. Hakukuwa na matatu ya njia ya Embu ambayo taa zake za rangi hazikupita mikononi mwake. Sasa kwenye gari, stima hutoka kwa betri kwa waya mmoja na kurudi kwa bodi. Bodi ni chuma, chuma ni njia, kazi imeisha. Ukimfundisha mtu hivyo miaka mingi, ukimletea kebo yenye waya tatu ndani atakuuliza wa tatu ni wa nini.

Kebo hiyo ilikuwa hapo gatini. Kambi ya wageni ya hapo bwawani ilikuwa imejenga gati la mbao juu ya nguzo za chuma, na mwisho wake kulikuwa na sanduku la stima lenye soketi na swichi ya usalama. Kutoka hapo kebo ndefu ilikwenda hadi kwenye boti kuchaji betri. Njuki alipoichomeka mara ya kwanza, swichi ilianguka yenyewe: tap. Akaiinua, tap. Akaangalia chaja, akaipiga kofi, akainua tena, tap.

"Hii swichi ni ya uoga," alisema.

Alifungua sanduku, akaipita swichi kwa kipande cha waya wa shaba kilichotoka mfukoni mwake. Chaja ikawaka taa ya kijani kibichi, nzuri kama mtoto aliyeoga. Ule waya wa tatu wa kebo, wenye rangi ya kijani na manjano, aliukuta umekatika. Aliukunja, akaufunga na tepu. Wa urembo huo.

Ishmael, mlinzi wa kambi, alikuwa amesimama karibu, shavu moja limejaa majani ya muguka ya kutafuna.

"Fundi, hiyo swichi si iliwekwa na watu?"

"Iliwekwa. Na watu waoga."

"Sawa. Mimi nalinda tu."

Ndani ya boti Njuki alikuta betri mbili. Moja ilikuwa ya kuwasha injini pekee yake, na nyingine ya taa, friji, redio na pampu ya kutoa maji, na kati yao kulikuwa na swichi ya kuzitenganisha. Alishangaa sana. Kwa nini mtu awe na betri mbili halafu azinyime kukutana? Aliziunganisha kwa waya mnene, akafunga amplifaya na spika mbili kubwa, na fyuzi ya amplifaya ilipoungua, akaiondoa kabisa ili isiwasumbue tena.

Malipo yake yalikuwa siku moja ya boti. Alikuwa anamuoa Wambeti mwezi wa nane, na Wambeti, mwenye saluni hapo hapo Dallas, alitaka picha za majini ambazo wateja wake hawajawahi kuona.

Walikutana gatini asubuhi. Mvua za masika zilikuwa zimejaza bwawa mpaka maji yakalamba mbao. Wambeti alikuja na gauni la manjano, kilemba cha kitenge, na kapu la chakula lenye sufuria ya mukimo. Muthamia alikuwa amevaa kofia ya nahodha na saa ya chuma aliyopewa ofisini siku ya kuagwa. Aligawa majaketi ya kuelea matatu, akasisitiza kila mtu afunge kamba zote, kisha akawasha injini.

"Fundi, ng'oa kebo twende!"

Hapa kuna utaratibu, na boti ilikuja na karatasi yake, ila karatasi hiyo ilikuwa Nkubu. Unaanza kuzima kwenye gati. Kisha unachomoa upande wa gati. Upande wa boti huja mwisho, wakati kebo imekufa. Njuki alikuwa na haraka, na mchumba anatazama. Alichomoa upande wa boti, akautupa gatini bila kugeuka. Kichwa cha kebo kiligonga ubao, kikabingirika, kikaanguka majini kati ya nguzo. Huku juu, kwenye sanduku, upande wa pili wa kebo ulikuwa bado umechomekwa, na swichi ya uoga ilikuwa imefungwa mdomo kwa shaba.

Ishmael aliwapungia mkono, akapanda kilima kwenda kupika chai.

Asubuhi ilikuwa tamu, hilo halina ubishi. Walivuka maji hadi mkono mmoja wa bwawa, karibu na upande wa Ukambani, ambako vilima vinateremka na miti iliyofurikiwa zamani inasimama majini, mikavu, imejaa ndege weusi. Walizima injini. Njuki alifungua muziki mpaka ndege wakahama. Wambeti alipigwa picha ameketi, amesimama, ameegemea, amecheka, na nyingine kama hajui anapigwa. Friji ilinguruma ikipoza soda. Walikula mukimo. Muziki ukaendelea, friji ikaendelea, jua likapita utosini.

"Hii betri haichoki?" Muthamia aliuliza.

"Mzee, ziko mbili. Moja ikichoka inasaidiwa na mwenzake."

Zilichoka pamoja, kama ng'ombe wawili wa nira moja.

Wingu lilitoka upande wa Mbeere, kule kwenye gati. Lilikuwa chini na jeusi, na mbele yake maji yalibadilika rangi kama kitambaa kinacholoweshwa. Upepo ulifika kabla ya mvua. Boti iligeuka ubavu, kofia ya nahodha ikaruka, na wimbi la kwanza likaingia na kulowesha gauni la manjano hadi kiunoni.

"Washa!" Wambeti alipiga kelele.

Muthamia alizungusha ufunguo. Injini ilikohoa taratibu, kama mtu anayeamshwa kwenda shamba. Alizungusha tena. Chini ya kiti, wimbi lilikuwa limetingisha waya wa amplifaya, ule usio na fyuzi, ukasuguana na pembe ya chuma mpaka ngozi yake ikatoka. Ukagusa. Moshi mweupe ulitoka nyuma ya friji, ukafuatwa na harufu ya plastiki inayoungua.

"Moto!"

"Ni moshi tu!" Njuki alisema.

"Na moshi hutoka kwa nini, kwa ibada?"

Muthamia alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya kiti aung'oe waya. Angevua saa kwanza. Saa ya chuma ililala juu ya vichwa viwili vya betri kwa wakati mmoja, na stima yote iliyobaki ikapita kwenye kamba yake. Kulikuwa na mwanga wa buluu. Mzee alilia sauti moja fupi, akaanguka nyuma. Saa ilikuwa imekuwa nyekundu kifundoni mwake.

Wambeti ndiye aliyeifungua, kwa pindo la gauni, kabla mkono haujavimba na kuimeza. Ngozi ilitoka nayo kwa upande mmoja. Alimwagia mkono soda ya baridi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, kisha maji ya kunywa, tena na tena, halafu akavua kilemba na kukifunga juu yake, kilegevu.

Njuki naye alichukua spana, akafungua waya za betri akianza na hasi. Hilo alilijua vizuri, maana kwenye gari ni hivyo hivyo. Moshi ulikufa. Aliposubiri waya upoe na kuunganisha betri moja tu kwenye injini, ufunguo ulitoa jibu dogo: tik.

"Jaribu tena."

Tik.

"Kuna kamba ya kuvuta injini kwa mkono," Muthamia alisema akiwa amelala sakafuni, macho yamefumbwa.

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Imefunga mbuzi."

Mvua ilifika wakati huo, nzito, ya kuumiza masikio, na upande wa pili wa maji ukapotea, kisha vilima, kisha hata ile miti mikavu. Boti ilikuwa na pampu ya kutoa maji, lakini pampu hula betri ile ile iliyoliwa na muziki. Maji ya mvua na ya mawimbi yakakaa ndani pamoja, yakafika vifundoni.

"Teka," Njuki alisema.

Wambeti alimwaga mukimo uliobaki, akashika sufuria. Njuki alichukua droo ya friji. Waliteka. Kila wimbi lilirudisha karibu yote waliyotoa. Mara moja kitu kilipiga sakafu ya boti kutoka chini, taratibu, kama mtu anayegonga mlango wa jirani, na mgongo mpana wa kiboko ukapita ubavuni ukitiririka maji. Waliacha kuteka. Kiboko alipumua kwa nguvu, akazama. Walisubiri atokee upande mwingine. Alitokea mbali, na wakaendelea kuteka.

Upepo ulizunguka. Uliokuwa ukiwasukuma Ukambani sasa uliwasukuma nyuma, kuelekea Mbeere. Muthamia, aliyeegemea kiti, ndiye aliyeuona kwanza.

"Mvua inanipiga shavu la kushoto. Ilikuwa inanipiga la kulia. Tunarudi. Msaidieni upepo."

Njuki aling'oa ubao wa kiti na kuufanya kasia. Wambeti alitumia sufuria, mara kuteka, mara kupiga maji. Mikono ya Njuki ilitoka malengelenge, na malengelenge yakapasuka. Maji ndani ya boti yalifika katikati ya miundi. Walikunywa soda ya mwisho kwa zamu, kila mtu funda moja, kwa sababu maji ya bwawa yalikuwa mekundu ya udongo wa mashamba yote ya juu.

"Mzee, mkono?"

"Unaungua."

"Utie majini, upoe."

Muthamia aliutumbukiza ukingoni na kilemba chake, akauacha hapo. Uso wake ulitulia kidogo. Walisonga hivyo, boti ikizama polepole kutoka nyuma ambako injini ilikuwa nzito, mpaka mvua ikapungua, na Wambeti akasema, "Taa."

Ilikuwa taa ya gati. Mchana ulikuwa umefanywa giza na mawingu, na balbu ile ya manjano mwisho wa mbao iliwaka kama mahindi ya kuchoma yanayomngoja mtu. Njuki alipiga ubao kwa nguvu mpya. Gati likakua. Wakaona nguzo, wakaona sanduku la stima, wakaona ngazi.

Muthamia alitoa mkono majini ghafla.

"Maji yananiuma."

"Ni kidonda, mzee. Rudisha."

Aliurudisha, akautoa tena. "Nimekwambia yananiuma. Mpaka kiwiko. Kidonda hakiko kiwikoni."

Njuki alitazama mbele. Kati yao na gati, samaki walikuwa wakielea, matumbo juu, meupe. Walikuwa ngege wengi, wakubwa kwa wadogo, na kati yao chura mmoja amenyoosha miguu kama mtu anayepiga mbizi. Mawimbi yaliwasogeza huku na huko na hakuna aliyejitikisa.

"Mtu ametia sumu," Wambeti alisema, akazamisha sufuria kupiga maji. Alipiga ukelele. Sufuria ilimtoka, ikazama. Alishika vidole vyake akaviangalia. "Imenirusha. Kama draya iliyoharibika. Imenirusha, Njuki."

Njuki aliona kebo. Iliteremka kutoka kwenye sanduku, ikapita ukingo wa mbao, ikaingia majini. Hakuhitaji kuambiwa ni nani aliyeitupa.

"Stima iko kwa maji," alisema. "Hakuna kugusa. Hakuna kushuka. Ukiogelea hapo mwili unakufa ganzi, unazama ukiwa unajiona. Jaketi huzuia mtu kuzama, halizuii stima."

"Na swichi ya usalama?" Muthamia aliuliza. "Si hiyo kazi yake, kukata stima ikivuja?"

Njuki alitazama sanduku.

"Fundi. Swichi?"

"Niliipita, mzee."

Muthamia alimtazama kwa muda, kama anavyotazamwa karani aliyepoteza faili, kisha akasema, "Shika mti."

Mti mmoja mkavu ulisimama majini, hatua chache tu mbali na gati kama kungekuwa na ardhi ya kupiga hatua. Njuki aliuwahi kwa mikono miwili boti ilipopita, akaukumbatia, na boti ikageuka ikatulia. Sasa upepo uliowaokoa ulitaka kuwasukuma kwenye samaki. Maji ndani yalifika magotini. Nyuma ya boti ilikuwa karibu kulingana na bwawa. Wangeweza kukaa hapo kwa muda gani, hilo liliamuliwa na mawimbi.

"Ishmael!" wakaita. "Ishmael-i!"

Kibanda cha mlinzi kilikuwa juu ya kilima, na mvua ilikuwa bado inapiga mabati yake. Waliita mmoja mmoja, wakaita pamoja. Muthamia aliita kwa Kimeru, maana mtu akiwa na shida hurudi kwa lugha ya mama yake. Mlango haukufunguka. Wimbi moja likaingia kwa nyuma, tulivu, kama mgeni aliyezoea nyumba, na lilipotulia hakuna aliyejua tena ukingo wa boti uko wapi upande huo.

Kisha balbu ya gati ikazimika.

Ikazimika na ile ya kibanda, na zote za kambi. Upande wote wa Mbeere ukawa kijivu.

"Stima imepotea!" Muthamia alisema. "Mungu ni mwema. Imepotea kila mahali. Sasa! Twende sasa!"

Alikuwa ameshainua mguu. Ngazi ilikuwa pale. Samaki walikuwa samaki tu. Mtu mwenye jaketi angefika kabla ya kumaliza Baba Yetu, na boti ilikuwa inazama chini yao, jambo ambalo halikuhitaji fundi. Watu wengine wangepoteza akili. Lakini Njuki alisimama wima, mkono mmoja kwenye mti, akamshika mzee bega kwa mkono wa pili, na kwa sauti ya utulivu akasema:

"Hakuna anayeshuka. Stima hairudi kwa hodi."

"Tutazama!"

"Tutazama polepole. Ile nyingine haina polepole."

Walisubiri. Maji yalipanda kwenye mapaja. Wambeti alikuwa ameshika mti pia, shavu lake kwenye gome, akinong'ona jambo ambalo halikusikika. Kapu la chakula liliinuka kutoka sakafuni, likaelea, likavuka ukingo taratibu na kuelekea gatini kama linakwenda sokoni. Lilifika katikati ya samaki.

Balbu iliwaka.

Iliwaka mara moja, ikatetemeka, ikawaka tena kwa nguvu. Chura mwingine, mzima, aliyekuwa amepanda juu ya kapu aliruka majini, akanyooka, akabaki hivyo. Muthamia aliutazama mguu wake aliokuwa ameuinua, akauteremsha ndani ya boti kwa uangalifu, kama si wake.

Mlango wa kibanda ulifunguka. Labda ni stima iliyorudi iliyomwamsha. Ishmael alitoka na gunia kichwani, akawaona, akateremka mbio, akiteleza kwenye matope, mikono mbele.

"Usiguse maji! Usiguse chuma!" Njuki alipiga kelele. "Zima stima!"

"Iko!" Ishmael alijibu kwa furaha. "Imerudi!"

"Tunajua iko! Izime!"

"Nizime na ndiyo imerudi saa hii?"

"Ishmael," Muthamia aliita, na sasa ilikuwa sauti ya ofisi, ile iliyofunga na kufungua milango kwa miaka mingi. "Rudi kibandani. Swichi kubwa. Teremsha. Kisha njoo juu ya mbao, si juu ya chuma, uchomoe plagi ya kebo kwenye sanduku, uinue juu tuione kwa macho."

Mlinzi alisimama, akawaangalia samaki. Akaacha kutafuna. Akageuka na kupanda kilima haraka kuliko alivyoteremka.

Balbu ilizimika. Safari hii hakuna aliyesogea, hakuna aliyeshukuru. Walikuwa wamejifunza kwamba giza si ushahidi. Ishmael alirudi, akatembea katikati ya mbao kama anayepita chumba cha mgonjwa aliyelala, akainama kwenye sanduku, akavuta. Aliinua plagi juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, ikidondoka maji.

"Hii hapa! Yote!"

Ndipo Njuki alipoachilia mti. Boti haikufika. Ilijaa na kwenda chini ya miguu yao katikati ya njia, ikabaki pua tu, na watatu wakaelea na majaketi yao kati ya samaki hadi kwenye ngazi. Muthamia alipandishwa kwanza. Wambeti alipanda akalala kifudifudi juu ya mbao, na gauni la manjano lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu wa barabara ya Kiritiri. Ishmael aliwafunika gunia moja, wote watatu, na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kutoka chini yake.

Mkono wa mzee ulipona ukiwa na pete ya ngozi nyeupe pale saa ilipokaa. Havai saa tena, huuliza watu. Boti iliinuliwa baada ya mvua, na Njuki aliifunga upya bila malipo. Betri zilitenganishwa. Kila waya ulipata fyuzi yake karibu na betri, na ule wa kijani ukaunganishwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Swichi ya usalama ilipoondolewa kile kipande cha shaba, ilianguka tap, na safari hii fundi aliuliza inalia nini badala ya kuinyamazisha. Chaja ilikuwa na kutu ya zamani ndani, ya maji ya chumvi ya Pwani. Swichi ilikuwa imesema hivyo tangu siku ya kwanza. Siku hizi kebo ikitolewa, inazimwa gatini, inachomolewa gatini, kisha ndipo boti, na Njuki hupita hata kwa matatu za Embu akikagua fyuzi alizowahi kung'oa, na makanga wanaokusanya nauli wanamuuliza kama ameokoka.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia. Juzi nilikuwa nikiisimulia saluni, pale Dallas, mvua imewazuia wateja, na nilikuwa nimefika mahali pa stima kutorudi kwa hodi. Wanawake wawili walikuwa chini ya madraya, na wa tatu, Kiende, anasukwa. Walikuwa wameduwaa. Mmoja alisema, "Huyo kijana ana roho ngumu," nami nikainamisha kichwa kidogo, inavyofaa.

Wambeti alitoa kitana mdomoni.

"Njuki," akasema, "hayo maneno ni ya nani?"

Nikamwambia hadithi ni hadithi, muhimu ni kwamba yalisemwa.

"Niliyasema mimi," akawaambia wateja. "Ni mimi niliyeunguziwa draya mbili na stima inayopotea na kurudi. Mzee Muthamia aliinua mguu, ni kweli. Lakini huyu alikuwa amemtangulia. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, nimemshika mshipi kwa mikono miwili, na yeye analia, 'Wambeti niachilie, stima imepotea, niachilie.' Nilimshika mpaka balbu ikawaka. Kisha nikamwachilia, akakaa ndani ya maji ya boti kama mtoto kwa karai."

Mvua ilikuwa inanyesha kwenye mabati. Nilitazama waya za dari. Nilizifunga mwenyewe, na ziko sawa.

Kiende aligeuza shingo licha ya nywele zake kushikwa.

"Fundi, endelea," alisema. "Huo mguu uliokuwa nje, ulikuwa wa kushoto au wa kulia?"

Nilifungua mdomo.

"Wa kulia," Wambeti alisema, akarudisha kitana kichwani mwa mteja. "Na alikuwa ameshavua kiatu."